Hita, Ghazali na Panya wa Madina

Hita ya dizeli haijui kama imewaka. Ukibonyeza swichi, feni huanza kuzunguka taratibu, plagi ya kuwashia huvuta umeme mpaka ikaiva nyekundu, kisha pampu ya mafuta huanza kupiga: tik, kimya, tik, kimya. Kila tik ni tone lililopimwa. Tone hufika kwenye wavu wa chuma ndani ya chumba cha moto, hugeuka mvuke, mvuke hukutana na hewa na joto la plagi, na panapo majaliwa unasikia mngurumo. Lakini boksi la umeme linaloendesha shughuli yote hiyo halina jicho. Mwali halijawahi kuuona. Lina sensa tu, kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri kinavyopata joto. Joto likipanda ndani ya muda uliowekwa, boksi huhukumu kwamba moto umeshika, huikatia plagi umeme na kuongeza kasi ya feni. Lisipopanda, huhukumu kwamba hakuna kitu, hujaribu tena, na ikishindikana huzima kila kitu na kukuachia namba ya kosa kwenye kioo.

Kwa hiyo boksi lile linajua jambo moja: yalikuja mafuta, likafuata joto. Kwamba ni mafuta yaliyoleta joto, hilo halina habari nalo. Imamu Ghazali angelipenda sana.

Mimi ni fundi wa mabasi ya safari ndefu, zamu ya usiku, katika gereji moja mashariki ya London. Kuanzia Novemba hadi Machi hita ndiyo kazi yenyewe, maana abiria anaweza kusamehe basi lililochelewa lakini hasamehi basi la baridi. Nikitoka kazini narudi kwenye hita nyingine, kwa sababu mimi na mke wangu tunakaa ndani ya boti: boti nyembamba ya chuma, upana mita 2 na kidogo, urefu mita 17, iliyokatwa kwa kipimo cha malango ya mifereji ya Kiingereza. Hatuna gati la kudumu. Sheria ya njia za maji ya mwaka 1995 inatutaka tusikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, basi tunapanda na kushuka Mto Lea, leo Hackney Wick, kesho Tottenham, mara Waltham Abbey, na wakati mwingine mpaka Hertford mto unapoishia kupitika. Kibla nacho huhama ndani ya nyumba. Kutoka London kiko kusini-mashariki, lakini kusini-mashariki ya boti yangu wiki hii ni dirisha la jikoni na wiki ijayo ni kabati la viatu.

Desemba hapa jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi alasiri. Sola juu ya paa huwa ni pambo tu. Chuma cha boti hupitisha baridi ya maji moja kwa moja hadi ubavuni mwako ukilala, na pumzi za watu wawili zikigusa madirisha hugeuka maji yanayotiririka hadi kwenye godoro. Wengine huwasha jiko la makaa ya mawe. Mimi nina hita ya kilowati 4 iliyofungwa chini ya ngazi za nyuma, inayokunywa kiasi cha desilita moja ya mafuta kwa saa ikiwa moto mdogo, na zaidi ya mara tatu ya hapo ikifunguliwa yote. Kampuni mbili kongwe za mashine hizi, Eberspächer na Webasto, zilianzia mji mmoja wa Ujerumani, Esslingen, ya kwanza mwaka 1865 na ya pili 1901. Siku hizi Wachina wamezinakili kwa bei ya kutupa, na ukitembea kando ya mto usiku unasikia tik-tik boti hadi boti.

Mama yangu aliisikia tik-tik hiyo kwenye simu. Yeye yuko Tanga, Ngamiani.

"Kitu gani hicho kinachogongagonga?"

"Pampu ya hita, mama. Ndiyo inayotupa joto."

"Inawaka moto?"

"Inawaka, lakini ndani ya chuma."

"Na mkilala?"

"Inawaka vilevile."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, si ulisoma wewe? Moto hauachwi ukiwaka watu wamelala."

Nilisoma, na alichokisema si woga wa kizee. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake, Mtume, rehema na amani zimshukie, akaambiwa habari zao, akasema kwamba moto huu ni adui yenu, mkienda kulala uzimeni. Katika mapokezi mengine anatajwa hata mhalifu mwenyewe: panya, ambaye huenda akauvuta utambi wa taa na kuwachomea watu nyumba.

Aliyepokea hiyo ya nyumba ya Madina ni sahaba Abu Musa al-Ash'ari. Na katika kizazi chake, karne kadhaa baadaye, alitoka Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki 936, ambaye jina lake limebeba akida tuliyofundishwa sisi wa pwani baina ya Magharibi na Isha, miguu imekunjwa mkekani. Akida hiyo inafundisha kwamba moto hauunguzi.

Niseme vizuri, maana hapa watu hucheka kabla ya kusikiliza. Katika vitabu vya tauhidi vinavyofuata mkondo wa Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki 1490, mwanafunzi hufundishwa kwanza kugawa mambo matatu kwa akili: wajibu, yaani lisilobudi kuwa, muhali, lisilowezekana, na jaizi, linaloweza kuwa au kutokuwa. Kisha huulizwa kuhusu moto na kuungua, chakula na kushiba, kisu na kukata. Anayesema moto huunguza kwa tabia yake wenyewe ametoka nje ya mstari. Anayesema Mungu ameutia nguvu ndani yake, nao ukaendelea kuunguza kwa nguvu hiyo, kosa lake ni dogo zaidi, lakini ni kosa. Aliyepata ni yule anayesema: Mungu huumba kuungua pale moto unapogusa, ni ada aliyoiendeleza, na kutengana kwa viwili hivyo ni jaizi. Ushahidi wake ni Nabii Ibrahimu, aliyetupwa katika moto wa Namrudi akatoka mzima.

Ghazali, mtu wa Tus aliyezaliwa 1058 na kufariki 1111, ndiye aliyelipa jambo hili makali yake. Kitabu chake cha kuwavunja wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, alikimaliza 1095. Kina masuala 20, na hili la sababu ni la 17. Mfano wake ni pamba na moto. Unaona moto ukigusa pamba, unaona pamba ikigeuka jivu. Umeona nini hasa? Umeona hili likitokea pamoja na lile. Kutokea kwa hili *kwa sababu ya* lile hukukuona, hakuna macho yanayoliona. Ni hukumu yako wewe. Hapo ndipo ninapoikumbuka sensa yangu. Wahandisi wa Esslingen, sidhani kama walimsoma Ghazali, wametengeneza kitu chenye elimu ileile aliyosema binadamu anayo kuhusu moto: kufuatana kwa mambo, na mazoea.

Jirani yangu wa mto, mwalimu mstaafu, Mwingereza wa jiko la makaa na mbwa wawili, aliniambia nisijivune kwa Ghazali, kwani mwanafalsafa David Hume aliyasema hayohayo mwaka 1748. Nikamjibu kwamba miaka 653 si haba. Akacheka. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa. Hume alipokata kamba kati ya sababu na tokeo, aliacha ncha zikining'inia na mazoea ya binadamu katikati. Ghazali alipoikata, alisema kuna anayezishika ncha zote mbili.

Wanafalsafa wangeweza kumrudishia hoja, naye, kwa uungwana usio wa kawaida, aliiandika mwenyewe kabla ya kuijibu. Kama mambo hayafungamani, wangesema, basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani hana hakika kwamba hatakikuta kimegeuka farasi. Mimi nina toleo langu la hoja hiyo. Kama mafuta na joto havifungamani, fundi hana kazi.

Januari ya mwaka mmoja tuliamka mto umeshika barafu, ile nyembamba inayolia kama kioo boti ya kwanza ikipita. Hita ilikuwa imezima usiku. Nikaiwasha: feni ikazunguka, pampu ikagonga, ekzosi ikatoa moshi mweupe, kisha kimya. Mara ya pili vilevile. Moshi mweupe ni mafuta yaliyogeuka mvuke bila kuungua, kwa hiyo mafuta yanafika na hewa inapita. Kinachopungua ni joto la kuwashia. Nikachukua mita. Betri peke yake volti 12.5, haina neno. Nikaweka ncha za mita kwenye plagi ya hita yenyewe, nikamwambia mke wangu abonyeze swichi. Plagi ilipoanza kuvuta, mita ikashuka: 11.2, 10.8, 10.3. Volti mbili zimepotelea njiani. Nikaufuata waya kwa mkono, inchi kwa inchi, nyuma ya mbao, hadi kwenye kishikio cha fyuzi, na hapo shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Nilikata, nikasugua kwa msasa, nikabana kichwa kipya cha waya. Tik, kimya, tik, kimya. Mngurumo.

Sasa uniambie, sababu ilikuwa nini? Kutu ya fyuzi. Na kutu? Unyevu. Na unyevu? Pumzi zetu, zilizogeuka maji kwenye chuma baridi. Hita ilizima kwa sababu tulikuwa tunapumua. Ukitaka endelea: tulikuwa tunapumua kwa kuwa tu hai, na Desemba nzima tulifunga madirisha kwa kuwa dunia imeinama na jua likahamia kwenu kusini. Mnyororo haufiki mwisho, ila fundi hana haja ya mwisho. Anahitaji pete ile moja inayofikika kwa bisibisi.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki 1198, ndiye aliyeandika jibu kali zaidi kwa Ghazali, na kiini chake ni kwamba anayeng'oa sababu ameing'oa akili yenyewe, kwani akili haina kazi nyingine ila kuvijua vitu kwa sababu zake. Nikiwa na mita mkononi mimi ni mtu wa Ibn Rushd. Siwezi kuwa vingine. Ningeanza kujiuliza kama leo Mungu ameamua kuitenga shaba na umeme, tungeganda.

Kwa miaka mingi jambo hili lilinikera: gerejini Ibn Rushd, kwenye mkeka wa swala Ghazali. Nilidhani ni unafiki mdogo wa aina ile tunayojisamehe. Sidhani hivyo tena, na kilichonibadilisha si kitabu. Ni kijana wa kwetu aliyepanga boti jirani majira ya baridi yaliyopita.

Boti yake ilikuwa na hita ya Kichina iliyofungwa na mwenye boti kwa haraka, paipu ya ekzosi ikipita ndani ya kabati kabla ya kutoka nje. Alinikaribisha chai. Nikaona kengele ya kaboni monoksidi iko juu ya rafu, imefunguliwa mgongo, haina betri.

"Kaka, ilikuwa inalialia usiku," akasema. "Nikaitoa betri. Mimi namtegemea Mungu."

"Betri umeitoa wewe au ameitoa Mungu?"

Alikuwa amesoma yule. "Mungu ndiye aliyeumba kitendo cha mkono wangu," akasema akitabasamu. "Mimi nilichuma tu."

Hiyo ndiyo kasbu, yaani kuchuma, nadharia ya Kiashari ya matendo ya waja, na aliiweka mahali pake barabara. Nikamwambia basi mkono huohuo na uchume kuirudisha, maana duka la betri liko hapo darajani. Tukacheka, akaenda. Lakini nilirudi kwangu nikiwaza kwamba kijana yule hakuwa Mwashari hata kidogo, pamoja na msamiati wake wote. Alikuwa na imani isiyotikisika juu ya hita. Jana usiku iliwaka akaamka mzima, juzi iliwaka akaamka mzima, kwa hiyo leo atalala na ataamka. Ameyafanya mazoea kuwa wajibu. Ameifanya paipu ile ya bei rahisi kuwa kitu kisichoweza kuachana na kiungo chake. Tauhidi ya chuoni, kama angeichukua kwa uzito, ingemwambia kinyume: jana haikudai kitu juu ya leo, na kila kiungo kilichoshika kinaweza kuachia.

Nasema hivi nikijua wapo watakaokunja uso: fundisho la Ghazali, likifika mikononi mwa fundi, ni fundisho la ukaguzi. Anayeamini kwamba vitu vimefungwa na maumbile yao ana dhamana mfukoni. Mimi sina dhamana hiyo. Nina ada tu, na ada ni fadhila, haidaiwi mahakamani. Kwa hiyo kila wiki nabonyeza kitufe cha kengele, na kila vuli nafungua paipu ya ekzosi nione kama imetoboka. Mara kwa mara naiachia hita ingurume kwa moto mkubwa, kwa kuwa ikikaa wiki nzima kwenye moto mdogo hujaza masizi ndani mpaka ikajinyonga yenyewe. Wala siizimi kwa kukata umeme. Feni lazima iachwe izunguke dakika chache, ipoze chumba cha moto.

Ghazali mwenyewe aliliona hili. Yuleyule aliyeitenga pamba na moto aliandika katika kitabu chake Ihya, kwenye sehemu ya tawakali, kwamba mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake akakataa kunyoosha mkono kwa madai ya kumtegemea Mungu, huyo ana wazimu, tawakali haimjui. Na akakataza mtu kulala katika mkondo wa mafuriko au chini ya ukuta ulioinama. Ekzosi iliyopasuka ndani ya kabati ni ukuta ulioinama.

Lakini sitaki kumfanya Ghazali mkaguzi wa boti na kuishia hapo. Pana mahali Uashari unaniwia mzito. Mwaka 2013, katika ziwa Windermere kaskazini mwa Uingereza, mama na binti yake walikufa ndani ya boti kwa moshi wa jenereta ambayo ekzosi yake iliungwa kienyeji ikaachana. Vifaa vya kutambua gesi vilikuwamo, havikufanya kazi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu anayelala huzama bila kuamka. Nikisema kuungua hakutoki kwa moto bali huumbwa na Mungu papo kwa papo, nimesema vilevile kuhusu kifo cha mtoto yule. Nguvu iliyotiwa ndani ya vitu, ile inayohesabiwa kosa dogo, ingenipa walau umbali. Ningesema gesi ilifanya kazi ya gesi. Wanachuoni wana majibu, na najua sura zake. Sijaona lile ambalo ningethubutu kumwambia baba wa mtoto usoni. Katika hili nanyamaza, na sioni kuwa kunyamaza ni upungufu wa imani.

Upande wa pili wa mizani kuna shukrani. Katikati ya usiku wa Februari, ukitoka kazini na vidole havikunjiki, ukafungua mlango na hewa ya moto ikakupiga magoti kutoka kwenye tundu la chini, neno linalotoka ni alhamdulillahi. Linatoka lenyewe. Sasa kama joto lile lingekuwa limelazimika, kama mbili na mbili zinavyolazimika kuwa nne, ungemshukuru nani? Hakuna anayeshukuru jumla ya hesabu. Mwanafalsafa atanijibu nimshukuru aliyeweka maumbile mwanzoni, na jibu lake si baya. Lakini shukrani ya kutuma mbali, kwa kitu kilichowekwa zamani kikajiendea chenyewe, si ile ninayoihisi mlangoni. Sura ya al-Waqia, aya ya 71 na zinazofuata, inamuuliza binadamu kuhusu moto anaouwasha: ni yeye aliyeuotesha mti wake? Mti wa dizeli yangu ni vijimea vya baharini vilivyokufa mamilioni ya miaka kabla hajazaliwa mtu wa kuviita kwa jina. Swali bado lipo palepale.

Nirudi kwa mama, maana alitaka fatwa na si falsafa. Nawawi, imamu wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki 1277, aliieleza hadithi ile katika sherehe yake ya Sahih Muslim. Akasema katazo ni la moto wa taa na mwingineo, ila kandili zinazotundikwa misikitini, ikihofiwa zitaleta moto zimo katika amri, na kukiwa na amani nazo, kama ilivyo kawaida, hakuna ubaya, kwa kuwa sababu iliyotajwa imeondoka. Panya hafiki. Ona fikihi ilivyo na raha zake: wanachuoni walewale ambao darsani hawaiachii sababu nguvu hata chembe, wakija kwenye hukumu huitafuta sababu kwa taa, na hukumu huisimamisha au kuiangusha pamoja nayo.

Basi swali la mama linakuwa: kwenye boti yangu panya ni nani? Mwali umefungiwa ndani ya chuma na haufikiwi na utambi wala shuka. Hewa ya kuunguzia inavutwa kutoka nje na moshi unarudi nje, haikutani na hewa tunayoipumua. Huyo wa Madina hayupo. Waliopo ni wengine: kiungo cha ekzosi kilicholegea, au boti iliyofungwa ubavuni mwako, kama zinavyofungwa London kwa uhaba wa nafasi, ikaubana moshi wako ukarudi dirishani. Na yupo yule mkubwa, kengele iliyokufa. Wanaosimamia usalama wa boti hapa Uingereza walizifanya kengele hizi kuwa lazima tangu Aprili 2019, na cheti cha boti hukaguliwa kila baada ya miaka 4, lakini miaka 4 ni mingi kwa panya. Nikamwambia mama: nikiwa nimewakagua wote hao, nalala na hita ikiwaka moto mdogo. Nikiwa na shaka na mmoja, nazima, tunavaa soksi mbili mbili na kulala chini ya mablanketi yote tuliyonayo.

"Na mkeo anakubali?" akauliza.

"Yeye ndiye anayebonyeza kengele, mama."

"Haya. Mungu awalinde," akasema, kisha akaongeza, "na nyinyi mjilinde."

Wasomaji wengi wa makala haya hawana boti wala hita, lakini baridi wanayo. Huko Njombe, Lushoto, Limuru na Molo, mwezi wa Juni na Julai, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha wakalala, na kila mwaka wapo wasioamka. Gesi ni ileile. Nawaomba: jiko litoeni nje kabla ya kulala, hata likiwa limebaki na kaa jekundu moja, maana mkaa usiotoa moshi ndio unaodanganya. Na mlioko Ulaya, kwenye boti, karavani au nyumba za zamani, igeuzeni kengele yenu leo msome tarehe iliyoandikwa mgongoni. Sensa yake huchakaa, nyingi baina ya miaka 5 na 10, na ikishapita muda wake betri mpya haiifufui.